Watazamaji wanakimbia matangazo: anza na dakika 3

Pole, ndugu yangu. Umesema watazamaji wa laivu yako ya Twitch (jukwaa la kurusha video mubashara) wanalalamika: wakifungua tu wanakutana na tangazo, na tagi zako (maneno mafupi ya kutambulisha laivu) haziwasaidii wanaotafuta Kiswahili. Wana haki kabisa. Mgeni anayepokelewa na tangazo anageukia mlangoni.

Ingia kwenye mipangilio, panga dakika 3 za matangazo kila saa. Yale ya mwanzoni yatazimika. Hayo ya dakika 3 yarushe mechi ikiisha, na uwaambie watazamaji mapema. Inauma sana penalti ya mwisho ikikatwa na tangazo, ukirudi unakuta wenzako wanashangilia kwenye chati!

Tagi unaruhusiwa 10. Tangulize Kiswahili. Mchezo ukiwa na damu nyingi, weka na alama ya tahadhari, maana huenda kuna watoto wanaotazama.