Mti wa Krismasi wa boksi kusimama bila gundi
Unasimama vizuri tu, gundi ya nini. Kata vipande viwili vya umbo la mti vinavyolingana, kimoja kichane katikati kuanzia kileleni hadi nusu, kingine kuanzia chini hadi nusu, alafu vichomeke vikae kama alama ya kujumlisha. Huo mkato upana wake uwe sawa na unene wa boksi, ukizidi mti unalegea. Na cheki yale mawimbi ya ndani ya boksi yawe wima, maana boksi hujikunja kirahisi kufuata mistari yake, yakilala tu kilele kinainama, natengenezaga na watoto na hapo ndo wengi wanakwama. Ila mishumaa hapana kabisa jamani, weka taa za LED za betri.