Jibu: Mama ana valvu (mlango wa moyo) ya chuma, eko (ultrasaundi ya moyo) imefanyika Kigoma, Dar anatumwa kufanya nini tena?

Mkuu, pole na mama. Daktari wa Kigoma hajakosea kusema picha "haijakaa sawa". Chuma hurudisha mawimbi ya ultrasaundi na kuacha kivuli nyuma yake. Kwa valvu ya mitrali, iliyo kati ya chemba mbili za kushoto za moyo, kivuli hicho hufunika chemba ya juu kushoto, na humo ndimo uvujaji wa pembeni mwa valvu au donge la damu hujificha.

Kwa hiyo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, huko Dar, huenda wakampitishia mrija wa ultrasaundi kooni. Umio umepita nyuma kabisa ya moyo, hivyo wanapiga picha kutokea upande usio na kivuli. Atakaa bila kula masaa kadhaa, atapuliziwa ganzi kooni. Nilipofanyiwa mimi koo liliwasha siku moja tu, uoga ndio ulikuwa mkubwa. Wakitaka kuona kama vibati vya valvu vinafunguka vizuri, wataongeza CT.

Usisahau majibu ya eko ya kwanza baada ya upasuaji! Bila hayo hawana cha kulinganishia presha ya damu inapopita kwenye valvu. Beba na daftari la INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda).

Ila hiyo homa ya mama uliyoitaja katikati ya swali ndiyo inanitisha, maana inaweza kuwa maambukizi kwenye valvu. Mwambie daktari leo, damu ichukuliwe ioteshwe maabara kutafuta vijidudu kabla ya antibayotiki yoyote. Ya duka la dawa usimpe. Na akibanwa pumzi, msisubiri treni, mrudisheni hospitali hapohapo.