Mama na vidole vilivyovimba

Dada, umeuliza kama baridi ya Moshi ndiyo iliyomvimbisha mama vidole. Hapana, baridi haimpi mtu ugonjwa huo, ingawa inaweza kumzidishia mama maumivu. Ulivyoeleza, vidole vya mikono yote miwili kuvimba na asubuhi kukakamaa zaidi ya saa nzima hadi anashindwa kufunga kitenge, inafanana sana na baridi yabisi: kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Mpelekeni hospitali ya KCMC mapema, kiungo kikishaharibika hakirudi. Akiandikiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga hiyo, kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa WIKI, si kila siku, tafadhali sana! Nafuu huchukua wiki kadhaa, asiache. Asubuhi akunje na kukunjua vidole taratibu ndani ya maji ya uvuguvugu. Kiungo kikivimba na kupata moto, akipumzishe.