Giaboksi ya gia tano kwenye Corolla DX: mafuta yanaokolewa wapi hasa

Kabla hujaenda kutafuta giaboksi ya gia tano kwa ajili ya DX yako, jiulize kwanza gari hilo linatembea barabara gani. Kama kazi yake ni mizunguko ya ndani ya Kampala, Ndeeba, Wandegeya, Ntinda na kurudi nyumbani, gia ya tano utaifikia mara chache sana na mafuta yatabaki yaleyale. Katikati ya foleni na bodaboda, gia ya tatu yenyewe ni bahati. Lakini kama wewe ni kama sisi wenye kwetu West Nile, tunaotoka Kampala alfajiri kwenda Arua, karibu kilomita 480 kupitia Luweero, Kafu, Karuma na Pakwach, hapo kuna la kuzungumza.

Ninaposema DX nazungumzia Corolla KE70, ile ya kuanzia 1979, yenye injini ya 4K ya cc 1,290. Nyingi zilikuja na giaboksi ya gia nne inayoitwa K40. Ndugu yake ni K50, yenye gia tano, na zote mbili zilitengenezwa kwa ajili ya injini za familia ya K. Nimeifunga K50 kwenye gari langu na nimeshiriki kuifunga kwenye magari ya wenzangu. Ni kazi nzuri, naipenda, na ninawahimiza watu waifanye. Ninachotaka ni kila mtu aifanye akijua anapata nini, kwa sababu magari haya hayaongezeki. Tangu sheria ya 2018 ipige marufuku kuingiza nchini Uganda magari yaliyotimiza miaka 15, DX tulizonazo ni hizihizi, na kila moja inayoharibiwa na kazi mbovu imetutoka.

Sasa hesabu. Kwenye K50, gia ya nne ina uwiano wa 1.000, yaani injini inazunguka mara moja kwa kila mzunguko wa shafti ya nyuma ya giaboksi, sawasawa na gia ya nne ya K40. Kwa hiyo ukiiendesha K50 bila kufika ya tano, barabarani hujabadilisha kitu. Faida iko kwenye gia ya tano, ambayo ni 0.865. Chukua gari lenye tairi za 155 za inchi 13 na difu (gia za ekseli ya nyuma) ya uwiano wa 3.909. Ukienda kilomita 80 kwa saa kwenye gia ya nne, injini inazunguka karibu mara 2,870 kwa dakika. Ingiza ya tano, inashuka hadi karibu 2,480. Unaisikia mara moja: ule mlio wa kulalamika unaokufuata kutoka Luweero hadi Kafu unatulia, na unaweza kuongea na abiria wa nyuma bila kupaza sauti.

Wengi wanadhani mizunguko ikipungua asilimia 13 na nusu, mafuta nayo yatapungua hivyohivyo. Hayapungui hivyo. Kulisukuma gari kwenye upepo kwa kasi ileile kunahitaji nguvu ileile, uwe kwenye gia ya nne au ya tano. Kinachopungua ni vitu viwili: msuguano wa ndani ya injini, na ile kazi ya kuvuta hewa kupitia kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kikiwa kimefungwa nusu. Kwenye ya tano unakanyaga zaidi kidogo, kipepeo kinafunguka, injini inapumua vizuri. Hiyo ndiyo akiba yako, ni ya kweli, lakini ni sehemu tu ya ile asilimia.

Kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana, nayo iko chini. Gia ya kwanza ya K50 ni 3.789, ya K40 ni 3.684. Ya pili ni 2.220, dhidi ya 2.050. Gari lililobeba familia nzima na magunia linaondoka na kupanda vizuri zaidi, na klachi haiungui sana. Kwa mtu wa milima ya Kabale au Kapchorwa hilo peke yake ni sababu ya kutosha.

Lakini kabla ya giaboksi, injini. Hapa ndipo ninapokazania, hata kama fundi wako ana haraka ya kushika spana. Anza kwa kupima. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita, safiri safari ndefu ya kawaida yako, rudi kituo kilekile na pampu ileile, jaza tena hadi ikate. Gawanya kilomita kwa lita. Rudia safari nyingine. Bila namba hiyo utamaliza kazi yote ukibaki kusema "naona kama linakula kidogo", na hayo ni maneno ya mtu aliyekwisha kutoa pesa na anataka kuamini.

Kisha fungua kabureta. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ya Mombasa. Kabureta haijui hilo. Kama ina jeti (vile vitundu vya kupitishia mafuta) za nchi ya pwani, inaendelea kumwaga mafuta ya pwani kwenye hewa ya Kampala, na ziada inapotea kwenye egzosi. Tena kabureta nyingi za magari haya zimeshachokonolewa kwa waya miaka nenda miaka rudi, na tundu la jeti likipanuka halirudi. Tafuta jeti yenye namba inayosomeka, shuka hatua moja tu kuliko ile ya kiwandani, kisha soma rangi ya plagi baada ya safari. Nyeusi yenye masizi, mafuta bado ni mengi. Kahawia hafifu, umefika. Ikianza kuwa nyeupe, rudi nyuma haraka, maana injini inayokosa mafuta inachemka na kuunguza valvu. Na ukiwa mtu wa kuteremka hadi Mombasa, ile jeti ya zamani itunze ndani ya gari.

Angalia thamostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Sijui ni nani aliyeanzisha desturi ya kuitoa na kuitupa "ili gari lisichemke", lakini imeenea kila gereji. Injini isiyo na thamostati inachelewa kupata joto, na asubuhi kwenye baridi ya barabarani inaweza kwenda mwendo mrefu bila kufikia joto lake. Injini baridi inakula mafuta na inajila yenyewe. Kama gari lako linachemka likiwa na thamostati nzima, tatizo ni rejeta, feni au pampu ya maji, na hilo ndilo la kutengeneza.

Mengine ni ya kawaida: nafasi ya pointi za distributa milimita 0.45, nafasi ya valvu milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa injini ikiwa moto, chujio la hewa safi, choki inayofunguka kabisa. Halafu nyanyua kila gurudumu na ulizungushe kwa mkono. Likigoma, breki inashika, na hakuna giaboksi duniani itakayokurudishia mafuta yanayoishia kwenye breki.

Kwenye gari langu, barabara ya Arua, nilikuwa napata kilomita kama 11 kwa lita. Baada ya kabureta, thamostati, pointi na breki, ikawa karibu 12 na nusu. Baada ya K50, karibu 14, pungufu kidogo. Mjini, giaboksi haikubadilisha chochote. Tazama vizuri namba hizo: kwenye safari moja ya kwenda, matengenezo ya kawaida yaliokoa kama lita tano, na giaboksi ikaongeza kama lita tatu na nusu. Vifaa vya matengenezo vyote kwa pamoja havifikii bei ya K50 nzuri na klachi mpya. Kwa hiyo anayetafuta akiba ya pesa peke yake, kabureta inalipa upesi. Giaboksi inalipa polepole, ila inakupa pia utulivu wa safari na injini isiyochoka. Mimi niliona inafaa. Bei ya petroli ilipopita shilingi 6,000 kwa lita mwaka 2022, niliona inafaa zaidi.

Tuje kwenye kununua, kwa maana hapa ndipo watu wanapoumia. Ukifika Kisekka, soko la vipuri la Kampala, utaonyeshwa giaboksi yenye kichwa cha gia kilichoandikwa 1 hadi 5, na utaambiwa, "Mzee, hii ni ya gia tano, soma mwenyewe." Kichwa cha gia ni skrubu tu, kinaweza kuhamishiwa kwenye giaboksi nyingine. Omba giaboksi ilazwe mezani, uwe na chaki. Chora alama kwenye shafti ya mbele, na nyingine kwenye shafti ya nyuma. Ingiza gia ya nne, zungusha shafti ya mbele kwa mkono: zote mbili lazima ziende sawa, mzunguko kwa mzunguko. Sasa ingiza ya tano na uzungushe mpaka ya nyuma itimize mizunguko kumi. Ya mbele itakuwa imezunguka mara nane na zaidi ya nusu. Ukipata hivyo, una gia ya tano kweli. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukifanya hivi. Niliyenunua kwake alinishikia shafti nyuma akahesabu pamoja nami kwa sauti, na vijana wa meza za jirani wakaja kutazama.

Wakati unazungusha, sikiliza kwa vidole. Mkwaruzo unaorudi kila mzunguko ni beringi au jino. Tikisa shafti ya mbele juu na chini: ikicheza sana, beringi imekwisha. Fungua boliti ya kumwagia oili; uji wa kijivu laini ni uchakavu wa kawaida, lakini ukikuta vipande vinavyong'aa vyenye kona, iache hapo hapo. Kisha pima kwa futi urefu wote, na mahali kishikio cha giaboksi kinapokaa, ulinganishe na K40 yako. Usinunue kwa kukisia, hasa kama gari lako ni KE20 au KE30, Corolla za zamani zaidi, ambako propela shafti na kishikio hicho huenda vikahitaji kufanyiwa kazi. Mwenye duka akuandikie risiti.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya siku moja kwa watu wawili wanaojua. Gari likae kwenye stendi, siyo kwenye jeki peke yake. Hili silijadili na mtu. Kabla ya kufungua propela shafti, weka alama ya rangi kwenye flanji ya difu ili irudi ilivyokuwa, la sivyo utapata mtetemo ambao hukuwa nao. Giaboksi ikitoka, hapo ndipo pa kubadilisha sahani ya klachi, beringi ya klachi, ile beringi ndogo ya mwisho wa krankshafti, na sili ya nyuma ya injini kama inalia oili. Wakati wa kurudisha, giaboksi isining'inie kwenye shafti yake hata kwa dakika moja wakati unatafuta boliti; uzito huo unapinda sahani mpya ya klachi, na utaanza kuhisi gari linatetemeka kila unapoondoka. Propela shafti ikiingia, hakikisha haigongi mwisho wa giaboksi na pia haikushika kwa ncha tu.

Oili iwe ya giaboksi, GL-4. GL-5 nyingi ni za difu, na dawa zake zinaweza kushambulia shaba ya sinkro, zile pete zinazofanya gia ziingie laini. Jaza mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limekaa sawa.

Barabarani, gia ya tano ni ya mahali tambarare. Ukitoka Pakwach unapanda kuelekea Nebbi, rudi ya nne mapema, kabla injini haijaanza kunguruma kwa uzito. Kuikanyaga 4K hadi chini kwenye ya tano mlimani kunaweza kula mafuta zaidi ya kuiacha izunguke kwenye ya nne, na beringi za injini zinaumia.

Bado kuna spidomita. Kijigia cha kebo kilichokuja na giaboksi kinaweza kuwa cha difu nyingine, na hapo kilomita zako zote zitakuwa za uongo, pamoja na hesabu ya mafuta. Linganisha na ramani ya simu kwenye kipande kirefu kilichonyooka. Zikipishana, hamisha kijigia cha K40 yako kama kinaingia, kisha upime mafuta upya, tangi hadi tangi. Na hiyo K40 usiiuze kwa watu wa chuma chakavu. Mwaga oili, ziba matundu, funga kwenye gunia, iweke mahali pakavu. Kuna mtu mwenye DX ambaye ataihitaji.