Meseji za Wateja Wangu Ninazihifadhi Katika Barua Pepe

Dada mmoja wa Pangani, anayeuza nazi kwa jumla, ameniandikia akiniuliza ninawezaje kufuatilia oda za watu wengi, ilhali baadhi yao hutuma meseji na wengine hurekodi sauti wakiwa njiani. Nimeona nimjibu hapa, kwa kuwa kila mwenye biashara inayokua lazima atakutana na shida hiyo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na kazi yangu kubwa ni sare za harusi. Mwaka jana simu yangu iliibiwa katika stendi ya Kange, na siku chache baadaye mteja mmoja akaja kuchukua magauni akiwa amefuatana na mashoga zake. Alipoyaona, alisema mbele yao kwamba hakuagiza mikono mirefu, kwamba nimemharibia vitambaa, na kwamba mimi ni mwongo ninayetaka kula kianzio chake. Neno hilo liliniuma, na hata leo linaniuma, kwa sababu fundi huishi kwa jina lake. Sikubishana naye. Nilikwenda steshenari ya jirani, nikafungua barua pepe yangu kwenye kompyuta, nikaandika neno "mikono" katika sehemu ya kutafutia, na ujumbe wake ukatokea pamoja na tarehe na saa: "Fundi naomba ubadilishe, mikono iwe mirefu, bei ibaki ile ile." Niliuchapisha nikamkabidhi. Aliusoma, akalipa salio lote, akaondoka bila kuniomba radhi.

Hilo liliwezekana kwa sababu katika simu yangu ya Android niliweka programu iitwayo SMS Backup+, ambayo hunakili ujumbe mfupi unaoingia na unaotoka na kuupeleka Gmail, ambako hukaa chini ya lebo ya SMS, mazungumzo ya kila mteja yakiwa pamoja. Unawasha uthibitishaji wa hatua mbili katika akaunti yako ya Google, yaani mbali na nywila unaombwa pia namba ya uthibitisho, kisha unaipa programu nywila maalumu inayotolewa na Google badala ya ile ya kawaida. Baada ya hapo, ukishawasha uhifadhi wa moja kwa moja ndani ya programu, kazi hufanyika yenyewe.

Kwa upande wa sauti, wateja wangu hurekodi WhatsApp. Ninabonyeza sauti hiyo kwa muda, ninachagua kuishiriki, kisha ninaituma kwenye barua pepe yangu mwenyewe. Gmail hukuruhusu kutuma kiambatisho cha hadi MB 25, na sauti ya oda haifiki huko. Kichwa cha barua ni lazima kibebe jina la mteja na jambo lenyewe, mathalani "vipimo vya mama harusi", vinginevyo hutaipata tena utakapoitafuta. Kaka yangu aliyeko Marekani hahitaji hata kubonyeza: huko Google Voice, huduma ya simu ya Google, humpelekea katika barua pepe ujumbe wa sauti ulioachwa katika namba yake, pamoja na maandishi yake, na meseji huzijibu humo humo.

Ndugu zangu, msikubali kudhulumiwa kwa kukosa maandishi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema kwamba ujumbe wa data, kama meseji au barua pepe, haukataliwi kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ingawa uzito wake hupimwa kwa namna ulivyohifadhiwa. Kwa hiyo usitegemee picha ya kioo cha simu (screenshot) peke yake, kwani inaweza kuchezewa, na usifute ujumbe wenyewe. Hifadhi kila kitu, hata kwa mteja unayempenda.

Ila jihadhari na jambo moja. Ikiwa namba ya uthibitisho huja kwenye laini ile ile iliyoibiwa, unaweza kufungiwa nje ya barua pepe yako siku unayoihitaji zaidi. Google hukupa namba 10 za akiba, ambazo kila moja hutumika mara moja. Zichapishe uziweke mbali na simu. Zangu zimo katika daftari la vipimo. Na ukitumia kompyuta ya steshenari, toka katika akaunti kabla ya kuinuka.

Dada yangu wa Pangani, anza na wale wanaochukua nazi kwa mkopo. Waombe wakuandikie idadi na siku ya kulipa, hata kama mmeshakubaliana kwa mdomo, na uhakikishe ujumbe huo umefika katika barua pepe kabla gari halijapakiwa.