Usiiombee Dunia Nzima kwa Mkupuo Mmoja

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayeishi Ngaramtoni, nje kidogo ya mji wa Arusha. Ameniruhusu niutumie bila kumtaja jina. Ni mama wa watoto wawili na mwanakwaya. Kila usiku watoto wakishalala anashika simu na kusoma habari za dunia mpaka macho yanamuuma. Gaza, Sudan, Ukraine, Kongo Mashariki. Kisha anapiga magoti na maneno hayaji. "Mama," ameniandikia, "nimeombea amani ya dunia tangu shule ya Jumapili na sioni kinachobadilika. Siku hizi naona kama najidanganya. Nifanye nini?"

Ujumbe ule umenikaa rohoni, maana najua si wake peke yake. Wengi mnaonisoma mnatamani hilohilo analotamani yeye: kuwa watu wa imani bila kuifumbia dunia macho. Nitamjibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe, na itabidi nianzie mbali, nyumbani kwa wazazi wangu Machame.

Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Kitu chake cha thamani baada ya kihamba, shamba letu la nyumbani, kilikuwa redio, ndani ya mfuko wa ngozi wenye matundu mbele ya spika. Betri zilikuwa ghali. Zikianza kuchoka alizitoa asubuhi na kuzianika juani juu ya jiwe karibu na zizi, na ole wake mtoto atakayezigusa. Jioni alizirudisha moja moja, akizifuta kwa shati lake, na redio ikapata sauti ya kutosha taarifa ya habari ya saa mbili usiku kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam. Hakuna aliyethubutu kukohoa. Siku betri zikiwa na nguvu alihamia masafa mafupi kutafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC au Sauti ya Ujerumani, huku akiizungusha redio nzima kuelekea mlimani, kisha kuelekea mgombani, mpaka mikwaruzo itulie.

Akishasikia alichotaka, alizima. Hapo ndipo tulipoomba. Na Baba alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwa mtu mwingine: aliombea nchi moja tu. Habari zingetaja nchi sita, yeye angeombea moja, ileile aliyoiombea jana na juzi, mpaka aone imefika mahali.

Tulikuwa pia tukisikiliza Sauti ya Injili. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa hapahapa Moshi na kurushwa kutoka kituo cha Walutheri kilichokuwa Addis Ababa. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo kile. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nikaona Baba anatafuta, anatafuta, hapati. Nilijua kwa mara ya kwanza kwamba mambo yanayotokea mbali yanaweza kuingia nyumbani kwetu na kunyamazisha kitu tunachokipenda.

Lakini nchi yake hasa ilikuwa Afrika Kusini. Aliianza mwaka 1976, redio iliposema kwamba watoto wa shule wamepigwa risasi Soweto. Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978 aliiweka kando kwa muda akawaombea vijana wetu waliokwenda mstari wa mbele. Vilipokwisha alirudi palepale. Alikuwa na daftari ambalo mbele aliandika kilo za kahawa alizopeleka chama cha msingi, na nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho, aliandika mambo aliyoyaombea. Afrika Kusini ilijaza kurasa. Mstari mmoja mmoja tu: tarehe na kile redio ilichosema. Mama alikuwa akimwambia, "Baba Elia, hao wamekushinda, ombea na wengine." Hakusikia.

Tarehe 11 Februari 1990 ilikuwa Jumapili. Jioni ile redio ilitangaza kwamba Nelson Mandela ametoka gerezani baada ya miaka 27. Nilikuwa nimekuja nyumbani kuwasalimu. Baba aliinuka, akalichukua daftari, akaandika tarehe na neno moja: Asante. Halafu akatuambia tusimame, naye akaomba kwa Kichagga, lugha aliyoitumia kwa mambo mazito tu. Alikuwa ameisubiri habari ile kwa karibu miaka 14, na sijaona mwanaume mwenye furaha kiasi kile. Ninajivunia kwamba nilikuwepo.

Dada yangu wa Ngaramtoni, najua utasema hadithi hiyo ina mwisho mzuri. Ni kweli. Sasa nikupe isiyo na mwisho mzuri.

Tarehe 4 Agosti 1993 serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walitia saini mkataba wa amani, na walitia saini hapohapo Arusha. Mliokuwa wakubwa mnakumbuka tulivyojisikia. Tuliamini ukanda wetu umezaa amani. Nilikuwa mwalimu kijana hapa Moshi, na kanisani kwetu tulitoa shukrani. Mwaka uliofuata, Jumatano ya wiki ya Pasaka, tarehe 6 Aprili, ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa Kigali akirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam. Yaliyofuata mnayajua. Watu walikimbilia makanisani, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, wakauawa humohumo ndani. Miili ilielea mto Kagera mpaka Ziwa Victoria, watu wa kando ya ziwa wakaogopa kula samaki. Mwishoni mwa Aprili Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24.

Kanisani tulikusanya mablanketi na vitenge vya wakimbizi. Nilitoa vyangu. Lakini sikuweza tena kuomba kwa sauti. Habari ya Nyarubuye ilinikata maini. Watu wale walikuwa wametoka kusherehekea Pasaka kama sisi, kwa zaburi kama zetu, wakakimbilia mahali ambapo mimi pia ningekimbilia na watoto wangu. Nilipanda Machame nikamwambia Baba kwamba sina tena la kumwambia Mungu kuhusu Rwanda. Nilitegemea anihubirie. Alikuwa akipogoa kahawa, hakushuka hata kwenye ngazi. Alisema tu, "Endelea na Rwanda. Hujaimaliza."

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Niliona ni maneno ya mzee asiyeelewa. Lakini nilifungua daftari langu na kuandika Rwanda.

Novemba mwaka huohuo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, na makao yake yakawekwa Arusha, katika jengo lilelile la kituo cha mikutano cha AICC ambalo mmelipita mara ngapi mkienda zenu sokoni. Shangazi yangu aliishi Kaloleni. Likizo moja nilipokuwa kwake nilikwenda kusikiliza. Wananchi waliruhusiwa kuingia. Unakaa nyuma ya kioo kikubwa, unapewa vifaa vya kusikilizia masikioni. Shahidi alikuwa mwanamke. Tuliokaa upande wa wananchi hatukumwona kwa sababu ya pazia, na hakuitwa kwa jina bali kwa herufi, asije akadhuriwa. Alisema kwa Kinyarwanda. Masikioni mwangu ilinijia sauti ya mkalimani, mwanamume, sauti tulivu isiyopanda wala kushuka, ikisema "mimi" badala yake: mimi nilijificha, mimi nilisikia, mimi niliwajua. Mahali fulani mkalimani alinyamaza, kwa sababu shahidi alikuwa amenyamaza. Jaji akamuuliza kama anataka kupumzika. Kimya. Kisha mkalimani akasema, "Nitaendelea."

Nilitoka pale miguu haina nguvu. Mtu ambaye nilikuwa nimemkatia tamaa mimi, yeye hakuwa amejikatia. Nilipofika kwa shangazi niliandika neno lile katika daftari.

Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ile ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza ubakaji kuhukumiwa kuwa sehemu ya mauaji hayo. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji na aliyekiri makosa yake, alihukumiwa kifungo cha maisha. Mpaka mahakama inafungwa mwishoni mwa mwaka 2015 ilikuwa imewafungulia mashtaka watu 93. Baba alikuwa ameshatangulia. Daftari lake liko kwangu, na tarehe zile niliziandika humo, chini ya mwandiko wake.

Sikuandika Asante kama yeye. Waliokufa hawakurudi. Lakini niliyaelewa maneno ya Baba siku ile akiwa juu ya ngazi, shambani kwenye kahawa. Ningekuwa nimehama kwenda kwenye habari nyingine, kesi ile ingepita mbele ya macho yangu bila mimi kujua kwamba ni sehemu ya nilichokiomba nikilia.

Sasa ushauri wenyewe, na ni mfupi. Chagua jambo moja. Usiiombee dunia nzima kwa mkupuo mmoja, maana hata sura yake huijui. Chagua moja, liandike, kaa nalo. Habari zisome mara moja kwa siku, kabla ya chakula cha jioni, ukiwa umekaa kitini. Kitandani usiingie na simu. Ukisikia jipya kuhusu jambo lako, andika mstari mmoja. Ikitokea nafasi ya kutoa, toa. Halafu rudi kwenye jambo lako lilelile. Narudia kwa sababu hapa ndipo wengi wanaposhindwa: lilelile.

Mimi sasa niko na Sudan. Vita vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na jirani yangu hapa Majengo, mama wa Kiislamu, aliniletea tambi jioni ile akiwa amevimba macho. Alikuwa akiwaza watu wanaofuturu kwa milio ya mabomu. Tulikaa kibarazani tukaongea mpaka tambi zikapoa. Tangu siku ile kila mmoja anaiombea Sudan kwa njia yake na tunapeana habari. Mji wa El Fasher, huko Darfur, ulipotekwa na RSF, wapiganaji wanaopambana na jeshi la Sudan, Oktoba 2025, baada ya kuzingirwa kwa takriban mwaka mmoja na nusu, ni yeye aliyenigongea mlango asubuhi. Hatukuwa na maneno mengi. Lakini hatukuwa wageni wa habari ile. Tulikuwa tukiujua mji ule kwa jina tangu ulipoanza kuzingirwa.

Kuna jambo bado linaniuma na nitalisema. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiongoza maombi katika jumuiya moja hapa mjini. Jioni moja nilitaja nchi iliyokuwa vitani, na mzee mmoja akanikatisha mbele ya watu wote: tumekuja kumwabudu Mungu, siyo kusikiliza taarifa ya habari. Watu wakacheka. Mwezi uliofuata jina langu halikuwemo kwenye zamu, wala hakuna aliyeniambia kwa nini. Nimemsamehe mzee yule, namwombea hata afya yake. Lakini alichosema hakikuwa sahihi, na sitanyamaza.

Jamani, tumekuwa watu wa kuombea viza za safari, ada na viwanja tu! Mungu wetu amekuwa wa ndani ya geti. Mtu anasoma habari ya watoto waliofukiwa na kifusi, anaituma kwenye makundi matano ya WhatsApp na vikatuni vya machozi, halafu jioni kwenye jumuiya anaombea gari lake lipite ukaguzi. Je, hicho ndicho mlichofundishwa? Babu zetu waliopokea Injili Machame kuanzia mwaka 1893 waliipokea kwa watu waliotoka Leipzig, mji ambao hata hawakuweza kuufikiria. Mtu wa mbali aliwaza habari zetu. Sisi tunashindwa kuwaza za mwenzetu wa Darfur?

Dada, umeniuliza pia useme nini pale kwenye jumuiya yenu wakikuambia habari za dunia si mambo ya kiroho. Fungua Nehemia sura ya kwanza, uwasomee. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme huko Shushani, kazi nzuri, chakula kizuri. Ndugu yake akaja na habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yameteketea. Akaketi akalia, akafunga, akaomba. Kisha waonyeshe majina ya miezi. Alisikia habari ile mwezi wa Kisleu, na mfalme alimuuliza kwa nini uso wake una huzuni mwezi wa Nisani. Katikati ni kama miezi minne, na muda wote huo alikuwa kwenye jambo moja. Mfalme alipouliza, alijua aombe nini: ruhusa ya kwenda, barua za kupitia njiani, na miti ya kujengea malango. Wakiendelea kucheka, somea na sura ya pili.