EEG haipigi shoti dadangu

Pole dadangu, umeuliza kama bintiyo akipimwa EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo, atapigwa shoti ama mashini itamsoma mawazo. Wala! Wangu alipimwa mwaka jana, wanabandika vidude kama ishirini kichwani kwa jeli, vinanasa umeme mdogo mno wa ubongo wenyewe, mashini haitii kitu ndani, yasikiliza tu, akifumba macho yaja mawimbi ya umeme huo 8 hadi 13 kwa sekunde, kisha wanammulika taa ya kumetameta. Wanatafuta mawimbi yenye ncha kali, ya kifafa. Na majibu yakitoka safi yasikudanganye, kifafa chaweza kuwepo, dawa asiache bila daktari. Nywele muoshe usiku, mafuta ya nazi usimpake, sie tulirudishwa tukaoshe mferejini na foleni ndo hiyo.